Mkono Niliouinua kwa Sababu ya Kiyoyozi

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa. Leo baraza zima limenipigia makofi.

Niweke mambo sawa, maana siku moja wanahistoria watayahitaji. Mimi ndiye diwani pekee wa upinzani katika baraza hili. Waliobaki wote ni wa chama tawala, kuanzia Meya mpaka yule anayesinzia karibu na dirisha. Wananchi wananiita Mheshimiwa Hoja kwa sababu hakuna kikao kinachopita bila mimi kusimama na hoja. Mke wangu anasema hilo si jina la heshima. Mke wangu hajasomea siasa.

Hoja ya leo ilikuwa kiyoyozi. Wamenikalisha kwa makusudi chini ya kile kinachopuliza moja kwa moja kwenye shingo. Mwezi huu ni wa bajeti, tunakaa kila Jumatatu, na shingo yangu imekuwa ngumu kama ubao. Nilipanga maneno tangu asubuhi. Ajenda sikuisikiliza. Ajenda zao nazijua: wanasoma, wanakubaliana, wanakunywa chai.

Meya alipokuwa anauliza jambo fulani, nikaona mwanya. Nikainuka. Nikanyoosha mkono juu kabisa, vidole vimetanuka, asije akajifanya hanioni. Akaniona. Akatabasamu, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Akasema "kwa kauli moja," akagonga nyundo, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Naibu Meya akanigeukia na kuniinamishia kichwa. Mpiga picha wa gazeti akanipiga picha.

Nafasi ya kutaja kiyoyozi sikuipata. Lakini makofi ni makofi. Wameanza kuniogopa.


Jumanne, 4 Juni

Mambo yamechafuka kidogo.

Mke wangu ni msusi. Saluni yake ni chumba chetu cha mbele, kwa hiyo habari za kata hufika nyumbani kwangu kabla hazijanifikia mimi. Nilikuwa nanyoa ndevu nikasikia kimya. Saluni ikinyamaza ujue kuna jambo. Nikatoka na povu usoni. Mteja aliyesukwa nusu kichwa ameshika gazeti. Ukurasa wa mbele ni mimi, mkono juu kuliko mikono yote. Chini ya picha wameandika kwamba baraza, upinzani ukiwemo, limeamua kwa kauli moja kuifunga wodi ya wazazi ya zahanati yetu na kuigeuza ofisi ya maegesho ya magari.

Yule mteja alisimama, akafunga kitambaa juu ya nusu iliyosukwa na nusu isiyosukwa, akaondoka. Hakuaga.

Binti yetu yuko kwetu siku hizi. Mimba imetimia, mtoto wa kwanza kwake na mjukuu wa kwanza kwangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukaushia nywele, miguu imevimba. Aliniuliza taratibu, sasa yeye akajifungulie wapi. Nikamwambia kuna hospitali kubwa ng'ambo ya mto. Akaniuliza kama nimewahi kuvuka lile daraja asubuhi, magari yakiwa yamesimama kama yameegeshwa. Kisha akageukia ukutani. Mama yake akaniambia povu linanikaukia shavuni.

Nimefikiri haraka. Kama watu hawajaliona gazeti, jambo halijatokea. Nikaenda kwa muuza magazeti wa kona, nikayanunua yote. Nikaenda kwa yule wa sokoni, nikayanunua yote. Nimerudi na furushi begani, natweta, lakini mshindi.

Baadaye: muuza magazeti wa kona amekuja mwenyewe kunishukuru. Anasema tangu aanze biashara hajawahi kumaliza mzigo mapema namna ile. Amepiga simu kiwandani wakamletea mwingine mkubwa zaidi, na sasa anampa gazeti hata asiyelitaka. Ameniachia moja kama zawadi.


Jumatano, 5 Juni

Nimegundua kosa la jana. Nilipigana na gazeti kwa kulificha. Gazeti hupigwa kwa maandishi.

Nimeketi jikoni asubuhi yote kuandika Taarifa kwa Wananchi kuhusu Masuala ya Sasa. Nilianza na mepesi ili kalamu ipate moto. Taa za barabarani: suala linafuatiliwa. Takataka: nimezungumza na ofisi husika kwa ukali. Hilo ni kweli. Ofisa hakuwepo, lakini mlinzi wa getini alinisikia vizuri. Maji: yatatoka.

Halafu zahanati. Sentensi hiyo moja ilinitoa jasho. Niliandika kwanza "Nilipinga." Nikaifuta, picha ipo. Nikaandika "Sikuunga mkono kwa moyo." Nayo dhaifu. Mwishowe ikaja yenyewe, kama imeshushwa: "Wakati wengine wote wameketi, mimi nilisimama." Ukweli mtupu. Wenzangu walinyoosha mikono wakiwa kwenye viti vyao. Ni mimi tu niliyesimama.

Nikawaalika wananchi wote Jumamosi, ukumbi wa shule ya msingi, kuja kunisikiliza. Nimebandika taarifa sokoni, kwenye geti la shule na kwenye mlango wa zahanati. Hapo zahanati mtu alikuwa ameshabandika gazeti. Nikabandika juu yake. Karatasi yangu ni ndogo kidogo. Imefunika kila kitu isipokuwa mkono.

Mchana nikapigiwa simu na Mkasi.

Mkasi ni Naibu Meya, diwani wa kata jirani na mwiba wangu tangu tulipoingia barazani. Kazi yake ni kukata utepe. Akiona choo kipya anakata utepe, akiona kibao kimepakwa rangi anakata utepe. Ana mkasi wake mwenyewe kwenye kisanduku chenye kitambaa cha zambarau, na dereva ndiye anayekibeba. Akaniambia amesoma taarifa yangu na ameipenda sana, hasa ile habari ya kusimama. Atakuja Jumamosi. Akanipongeza tena kwa kura yangu, akacheka mpaka simu ikakoroma.

Na aje. Nitamvua nguo mbele ya watu.


Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka na wazo safi. Mkono mgonjwa.

Daktari akithibitisha kwamba nina mshipa unaoupandisha mkono wangu wenyewe bila idhini yangu, basi ile si kura. Ni maradhi. Nikaufunga mkono kwa mtandio wa mke wangu, nikautundika shingoni, nikaenda zahanati nikiwa nimekunja uso.

Daktari yuko semina. Niliyemkuta ni Bi Mkunga, mkuu wa wodi ya wazazi, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye amezalisha nusu ya akina mama wa kata hii, mke wangu akiwemo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaufungua mtandio, akaukunja vizuri akanipa. Akauzungusha mkono wangu kama mpini wa pampu. Akasema bega ni zima, ni bega la mtu asiyefanya kazi. Na kwa kuwa nimemletea bega zima, kuna vitanda vya kuhamisha, watu wa maegesho wanakuja kupima chumba.

Nilidhani anatania. Hatanii.

Nimehamisha vitanda vya chuma ambavyo magurudumu yake yalishakufa. Wodi ile sijawahi kuingia, wanaume hatuingii. Kuta zimepakwa kijani mpaka kiunoni na nyeupe kwenda juu. Mapazia yameshonwa kwa mashuka chakavu. Kuna mizani ya watoto, na karibu yake beseni lililofunikwa kitambaa safi kabisa. Kunanukia dettol na uji.

Nilikuwa nasukuma kitanda cha mwisho Bi Mkunga aliponiita. Nyuma ya pazia kulikuwa na mama mmoja mwenye uchungu, na wauguzi wote mikono imejaa. Akaniagiza nipitishe mkono kwenye pazia, nitazame ukutani. Nikapitisha. Yule mama akaudaka, akaubana mpaka nikaona nyota. Hakujua ni wa nani. Akawa anasema, "Usiniache, tafadhali usiniache." Nikaushika wake pia, macho ukutani.

Maumivu yalipotulia, akavuta pazia anishukuru. Akaniona. Akasema, "Kumbe ni wewe." Akauachia mkono.

Wakati natoka, Bi Mkunga alinisimulia kwamba kabla ya wodi hii kujengwa, kuna mama alijifungua darajani, nyuma ya lori la saruji, huku dereva akipiga honi. Mtoto alipona. Ni mtu mzima sasa, wanamwita Saruji mpaka leo. Alinisimulia bila kunilaumu, akarudi kazini.

Cheti sikupata. Vidole vimevimba, kwa hiyo sasa ndiyo kweli nina mkono mgonjwa.

Hata hivyo, tuseme kweli: siku nzima nimekaa na wananchi. Mkasi hajawahi kuhamisha hata stuli.


Ijumaa, 7 Juni

Moyo umerudi mahali pake.

Saluni imejaa kuliko sikukuu, na hakuna anayesukwa. Bi Mkunga yupo. Yule mama aliyesukwa nusu amerudi, bado nusu. Mke wangu alinifungia mlango usoni, kwa adabu. Nilisimama korido na bilauri sikioni, nikaambulia maneno machache: "Jumamosi," "wote," na "mpaka aseme." Ni wazi wanaandaa vigelegele. Wanataka niseme mpaka mwisho bila kukatizwa.

Nimefanya maandalizi yangu ya kiufundi. Kwanza, kiti cha Mkasi. Nimekagua viti vyote vya ukumbini nikapata kimoja chenye mguu unaoyumba. Nimekiweka mbele, na karatasi imeandikwa "Mgeni Rasmi." Pili, spika. Swichi iko sakafuni, nitaikanyaga akianza kuropoka. Tatu, na hapa ndipo penye akili, nimemwalika Katibu wa Baraza. Ni mwanamke mkavu, hacheki wala hanuni, anaijua kanuni kama wengine wanavyojua nyimbo. Yeye si wa chama chochote. Watu wakimwona ameketi upande wangu wataniona mtu mzito. Alikubali mara moja. Alisema anapenda mikutano inayoanza kwa wakati.

Mke wangu alipofungua mlango aliniambia, "Baba Watoto, kesho ukisimama, hebu sema tu lililotokea."

Nikamwambia ni wazo zuri na nitalifikiria baada ya mkutano.


Jumamosi, 8 Juni

Ushindi. Ushindi wa kishindo.

Nianze mwanzo. Ukumbi ulifurika. Wanawake walikaa mbele, safu baada ya safu, wamefunga vitambaa kama watu wanaokwenda kazini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Binti yangu alikuwa safu ya kwanza, mikono juu ya tumbo. Nyuma walikaa wanaume na muuza magazeti wa kona, ambaye alikuwa anauza.

Mkasi akaingia na wapambe wake. Nikamwonyesha kiti cha Mgeni Rasmi. Akakitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba katika kata yangu mgeni rasmi ni mimi, yeye atasimama. Watu wakampigia makofi. Nikalazimika kukikalia. Nilisikiliza dua na utambulisho nimepinda kama mtu aliye kwenye mashua.

Nikasoma taarifa. Taa, kimya. Takataka, kimya. Maji, mtu mmoja akaguna. Nikafika kwenye sentensi yangu. "Wakati wengine wote wameketi, mimi nilisimama." Nikanyamaza ili iwaingie.

Mkasi akapiga hatua mbele. Wapambe wakafunua picha ya gazeti, wameikuza mpaka ukubwa wa mlango. Nikakanyaga swichi. Spika ikazimika. Haikusaidia, maana yule bwana ana sauti ya kuita ng'ambo.

"Mheshimiwa Hoja," akasema, "swali langu ni dogo. Siku ya Jumatatu, uliunga mkono kufungwa kwa wodi, au hukuunga?"

Nikasema suala hilo lina historia ndefu.

"Uliunga, au hukuunga?"

Nikasema lazima tuangalie mazingira ya kikao, ikiwemo hali ya hewa ndani ya ukumbi.

"Uliunga, au hukuunga?"

Nikamtazama Katibu. Alikuwa anatazama saa. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama kama ananisubiri nishuke kwenye gari. Halafu binti yangu akasema, wala si kwa hasira, "Baba, sema tu."

Sijui nini kilinipata. Nadhani ni kiti.

"Niliunga," nikasema. "Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nataka kulalamikia kiyoyozi, sikusikia wanauliza nini. Lakini mkono ni wangu."

Yule mama aliyenishika mkono wodini alikuwepo, kichanga kifuani, ananikazia macho.

Mkasi alikuwa na raha ya mtu aliyeshiba. Akasema wananchi wamesikia wenyewe. Lakini ili kesho mtu asije akageuza maneno, anamwomba Katibu wa Baraza athibitishe hapa hapa, mbele ya wote, kwamba diwani huyu alipiga kura ya ndiyo.

Katibu akasimama. "Nathibitisha. Kura yake ilikuwa ya ndiyo, ni halali na imeingia."

"Asante sana," akasema Mkasi.

"Sijamaliza," akasema Katibu. "Kwa mujibu wa kanuni, uamuzi wa baraza hauwezi kurudishwa mezani na mtu aliyeupinga. Huyo alishashindwa, asiturudishe nyuma. Anayeweza kuurudisha ni diwani aliyeupigia kura ya ndiyo, naye aombe katika kikao kinachofuata. Kwa kuwa Mheshimiwa aliupigia kura ya ndiyo, ana haki hiyo keshokutwa."

Ukumbi ulihitaji muda kidogo kumeza. Bi Mkunga ndiye aliyemeza kwanza.

"Kwa hiyo angepinga, tungekuwa tumekwisha?"

"Mngekuwa mmekwisha," akasema Katibu, akaketi.

Uso wa Mkasi ulibadilika kama tambara lililokamuliwa. Nami nikainuka, maana kiongozi lazima ajue wakati wake. Nikakanyaga swichi, spika ikarudi.

"Wananchi wenzangu," nikasema, "hilo ndilo nililokuwa nalisubiri alitamke."

Sasa ndiyo vigelegele vikaja. Ukumbi ukasimama. Nilibebwa, ingawa si mbali, kutoka meza mpaka mlangoni. Mke wangu alinikodolea macho yale ya kunijua vizuri. Lakini binti yangu alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, akishika tumbo kwa mikono miwili.


Jumatatu, 10 Juni

Nimeshinda tena. Inaanza kuwa mazoea.

Niliomba uamuzi urudishwe mezani. Meya akatafuta namna ya kunikatalia, Katibu akamsomea kanuni, akaacha kutafuta. Kule juu wanakokaa wasikilizaji walijaa wanawake wa kata yangu na za jirani. Mke wangu alikuwa amepitia wasusi wote wa mji. Kila diwani aliyeinua macho alimkuta mtu wake: huyu dada yake, yule shangazi, mwingine mke wake ambaye alimuaga asubuhi akisema anakwenda sokoni. Diwani wa dirishani aliamshwa kwa jina la utotoni na mama yake mzazi.

Nilikuwa na hotuba ndefu. Bi Mkunga alinitumia karatasi: nisome fupi, watu wana kazi. Nikasema kwamba Alhamisi nilikuwa ndani ya wodi ile. Nikasema habari ya mkono wangu na pazia, na alichoniambia yule mama. Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Likatoka.

Kura ikapigwa. Wodi inabaki. Mkasi alichelewa, akatazama juu, akamwona mama mkwe wake. Mkono wake ukapanda polepole kama bendera siku isiyo na upepo. Kwa kauli moja.

Nikatumia nafasi hiyo kutaja kiyoyozi. Wamesema watalifuatilia.


Jumatano, 12 Juni

Mkasi hana aibu. Ametangaza kwamba wodi itafunguliwa upya rasmi leo saa nne asubuhi, na yeye ndiye atakayeifungua. Haikuwahi kufungwa hata siku moja. Vitanda tu ndivyo vilivyohama, na nilivirudisha mimi.

Nilifika mapema kulinda ushindi wangu. Utepe mwekundu umefungwa mlangoni, fundo juu ya fundo. Watu wa gazeti wapo. Mkasi akaanza hotuba: jinsi alivyohangaika, jinsi alivyokosa usingizi kwa ajili ya akina mama. Nikajisogeza mpaka nikashika ncha moja ya utepe ili niingie kwenye picha. Mpambe wake akanikanyaga. Nikamkanyaga.

Dereva alikuwa ndiyo kwanza anafungua kile kisanduku cha zambarau tuliposikia honi. Bodaboda ya jirani, na nyuma yake gari la mchinjaji. Ndani yake mke wangu, na binti yangu ameuma kona ya mtandio. Mkwe wangu, mume wa binti, anatoka jasho kana kwamba anayezaa ni yeye.

Mkasi akainua kiganja akawaomba wasubiri kidogo, amebakiza aya moja.

Mke wangu hakusimama. Aliukamata utepe kwa mkono mmoja, ule wa kuvutia nywele, akaung'oa pamoja na misumari iliyoushikilia, akampitisha mwanawe. Bi Mkunga akafunga mlango. Mkasi alibaki nje na mkasi wazi. Picha hiyo ndiyo iliyotoka gazetini.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na Mkasi, hatuna pengine pa kwenda. Baada ya muda akaniuliza kama ni mjukuu wa kwanza. Nikasema ndiyo. Akaniambia wake wa kwanza alizaliwa humu humu. Nikamuuliza sasa kwa nini alitaka kuifunga. Akasema aliambiwa ni stoo. Naye hakuisikiliza ajenda.

Mtoto wa kike. Mzima, mama mzima. Bi Mkunga alinipitishia mlangoni, kafungwa kwenye shuka lenye mistari, kakunja ngumi. Nikamwonyesha Mkasi. Nikalia kidogo, kwa sababu ya dettol.


Jumatatu, 17 Juni

Nimekuwa na siku kadhaa za kutafakari, na nimetoka na fundisho kubwa la maisha yangu ya siasa.

Miaka yote nilikuwa napinga. Napinga, nashindwa, naenda nyumbani. Sasa naijua kanuni. Anayepinga hana nguvu. Mwenye nguvu ni aliyesema ndiyo, maana huyo peke yake anaweza kulirudisha jambo mezani wiki inayofuata na kulipindua mbele ya umati. Kwa hiyo kuanzia leo nitaunga mkono kila kitu. Kila ndiyo ni akiba.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Nimenyoosha mkono ajenda ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuteseka kuzisikiliza. Mkasi alikuwa ananitazama kwa mshangao, halafu kwa furaha, halafu karibu kwa huruma. Kwenye ile ya mwisho alinikonyeza kama kuniuliza nina hakika. Nikanyoosha na mkono wa pili.

Tulipotoka, Katibu alinisimamisha kwenye ngazi. Akaniuliza kama nimeelewa ajenda ya mwisho. Nikamwambia nimeielewa vya kutosha kuirudisha Jumatatu ijayo. Akasema hilo halitawezekana. Ilikuwa ni kuunganisha kata ndogo na kata jirani ili kubana matumizi. Kata yangu imeunganishwa na ya Mkasi. Kata moja, diwani mmoja, yule aliyepata kura nyingi uchaguzi uliopita. Uamuzi unaanza kazi tangazo likibandikwa ubaoni, naye ameshalibandika, anapenda mambo yafanyike kwa wakati. Jumatatu ijayo mimi si diwani, na asiye diwani haombi kitu. Alinipa mkono. Nadhani ni mara ya kwanza nimemwona akisikitika.

Sijamwambia mke wangu. Ana wateja, na mtoto amelala.

Nimeketi jikoni na kalamu yangu. Wasioona mbali wataliona hili kama pigo. Mimi nimeshaandika mwanzo wa taarifa mpya, na sijawahi kuandika sentensi iliyonitoka kwa wepesi namna hii: "Wananchi wenzangu, nina furaha kubwa kuwafahamisha kwamba, kwa kura yangu mwenyewe, kata yetu imekua mara mbili."